Nondo wa Mwalimu Pastory na Macho ya Mama Dorotea

Baba Paroko, wazee wa ukoo wetu wa Butiama, wakwe zetu wa Guta, walimu, majirani wa Manyamanyama, na ninyi akina mama na akina baba wa soko la Bunda, ambao marehemu aliagiza mpewe viti vya mbele, asanteni kwa kuvumilia jua hili. Historia hii inasomwa na Bernado Burito, mdogo wake marehemu, lakini maneno ni ya marehemu mwenyewe, aliyatoa kidogo kidogo kuanzia mwezi wa tatu mwaka huu kwa ulimi uliokwisha kuwa mzito, sentensi moja kabla ya uji, nyingine jua likishapungua, na aliagiza lisipunguzwe neno hata kama msomaji ataona haya kulisoma.

Marehemu Mwalimu Pastory Burito alizaliwa tarehe 11 Julai 1936 kijijini Butiama, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Burito na Mama Nyamburi, wakulima na wafugaji, akabatizwa mwaka 1944, na mwaka uliofuata akaanza shule ya misheni, ambako alikwenda kwa miguu mwendo wa saa mbili na kurudi mwendo wa saa mbili, kwa miaka minane, bila kukosa siku isipokuwa ile wiki ya msiba wa babu yetu.

Mwaka 1956 alichaguliwa kujiunga na chuo cha ualimu huko Mwanza, na huko ndiko alikokutana na padri mmoja mzee, mwalimu wa elimu ya viumbe, aliyekuwa na masanduku ya vioo yenye wadudu waliochomwa pini, na chini ya kila mdudu kikaratasi chenye jina la mdudu, jina la mahali na jina la mtu aliyemwona. Katika sanduku moja palikuwa na nafasi tupu, yenye kikaratasi tu, na padri akawaeleza wanafunzi wake kwamba nafasi hiyo ni ya nondo fulani wa huku kwetu ziwani, ambaye akikunja mabawa hugeuka jani lililokauka, lenye mshipa katikati na kutu pembeni, lenye hata tundu la kuliwa na kiwavi, ambalo si tundu bali ni doa, na kwamba yeye amemtafuta miaka ishirini asimwone. Marehemu alitoka darasani siku hiyo akiwa amekwisha jipa kazi ya maisha, kwamba nondo huyo atamwona yeye, na kikaratasi kitaandikwa jina lake.

Alianza kazi ya ualimu tarehe 6 Januari 1958 hapo Butiama, mwaka 1965 akahamishiwa Musoma mjini na kuishi Makoko, na mwaka 1974 akahamishiwa hapa Bunda, ambako alifundisha sayansi katika shule ya msingi hadi alipostaafu Julai 1991, na wengi wenu mliokaa hapa mlipita mikononi mwake.

Tarehe 25 Agosti 1962 alifunga ndoa takatifu na Getruda Nyangi, binti wa mvuvi wa Guta, aliyesoma mpaka darasa la nne, na ambaye tangu utoto wake kazi yake nyumbani ilikuwa kuinama juu ya dagaa walioanikwa mchangani na kutoa majani, vijiti na magamba yaliyopeperushwa na upepo. Mungu aliwajalia watoto wanne, Dorotea aliyezaliwa mwaka 1963, Florian mwaka 1966, Jeska mwaka 1969, na Ursula aliyezaliwa 1971 na kuchukuliwa na surua miaka miwili baadaye, na katika msiba ule, marehemu amesema, Getruda ndiye aliyembeba yeye, si yeye aliyembeba Getruda.

Miaka ya shida ilipoingia, baada ya vita, wakati sabuni ilikuwa ya foleni na chaki tulikuwa tunaisikia tu, marehemu alifundishia wadudu kwa sababu wadudu walikuwa hawana foleni, akawachoma kwa miiba ya mgunga badala ya pini na kuwafunika kwa vipande vya vioo vya taa za chemli zilizovunjika. Alikuwa na panzi, mende wa mavi ya ng'ombe, vipepeo wa kila rangi, lakini yule nondo wa majani makavu, baada ya miaka ishirini na mitano ya kumtafuta, hakuwa naye.

Siku ya Ijumaa, tarehe 9 Oktoba 1981, Getruda alikuwa anafagia uwanja chini ya mzambarau, akasimamisha ufagio, akainama, akaingia ndani na kitu kiganjani, akamwuliza mumewe kama huyu anafaa. Marehemu aliona jani. Aliligeuza, likatembea. Ameagiza isemwe kwamba hakusema asante, alisema, "Umemharibu bawa." Baadaye alimwuliza amemjuaje, naye akamjibu huku anaendelea kufagia, "Jani halina tumbo. Tena jani likianguka linalalaga vyovyote, huyu amejipanga." Marehemu aliyaandika maneno hayo kwenye daftari lake la sayansi kana kwamba ameyafikiri yeye, na kesho yake akawasomea wanafunzi.

Kuanzia hapo wakawa wanatoka pamoja Jumapili baada ya misa, kwa baiskeli, kwenda kwenye vichaka vya Guta, na watu wakawasifu kwamba wale wawili wamezeeka katika ndoa na bado wanatembea kama wachumba. Hawakujua kwamba mbele alikuwa anatembea mtu anayeona na nyuma mtu asiyeona, kwamba Getruda alikuwa ananyoosha kidole tu, pale, na pale, na huyu wa chini, na mumewe anakodoa macho mpaka yanatoka machozi, haoni mpaka aguse. Siku nyingine alikwenda peke yake, ajifunze bila shahidi, akarudi na furaha, akachoma mwiba kitu alichokikuta, na Jeska mtoto wake akakitazama akasema baba amechoma jani, na lilikuwa jani kweli. Getruda aliliona kabla ya mtoto, akanyamaza, na ule unyamavu ulimchoma marehemu kuliko kicheko cha mtoto.

Hapa lazima tueleze habari ambayo wakubwa mnaikumbuka, ya mwaka 1983, mwaka wa msako, ambapo mtu akikutwa na mifuko miwili ya sukari aliitwa mhujumu. Jirani mmoja, ambaye sasa naye ni marehemu na tumwache apumzike, alisikia kwamba Mwalimu ana nondo kumi na tisa ndani ya nyumba, na wakati ule hata ukuta wa zahanati ulikuwa umesimama nusu kwa kukosa nondo za kujengea, basi tarehe 14 Mei, siku ya Jumamosi, mgambo wakaja na mtaa mzima nyuma yao. Wakauliza nondo ziko wapi, marehemu kwa heshima akawaletea sanduku, wakafungua, wakaona majani makavu kumi na tisa yamechomwa miiba. Kiongozi wao akaona amefanywa mjinga mbele ya watu, akaamuru Mwalimu afungwe mikono, na marehemu kwa woga akaanza kueleza majina ya kitaalamu, ambayo yalimzidishia makosa. Ndipo Getruda alipotoka jikoni na unga mikononi, akachukua kijiti cha ufagio, akaonyesha, hili ni tumbo, hii ni miguu, hesabu mwenyewe, na hizi ni pembe zake za kunusia, akamgusa mmoja ambaye alikuwa hajafa vizuri, akapiga mabawa, kiongozi akaruka nyuma, na mtaa wote ukacheka, na mgambo nao. Kiongozi alipokuwa anaondoka alisema, "Mwalimu, mshukuru mke wako ana macho, leo ungelala ndani."

Tangu siku ile Getruda sokoni akaitwa Mama Macho, nanyi ndio mliompa jina hilo kwa upendo. Marehemu ameagiza isemwe wazi kwamba siku aliyonusurika hakufurahi, alikaa nyuma ya nyumba akijiuliza kwa nini Mungu ampe yeye miaka yote ya kusoma, na macho ampe mtu wa kuchambua dagaa. Usiku haukupita kabla hajachukua kalamu na kuandika kwenye vikaratasi vyote kumi na tisa, na baadaye kwenye vyote sitini na kimoja, mwonaji, P. Burito.

Mwaka 1987, biashara zilikuwa zimekwisha funguliwa, magari yanakuja, wageni wanakuja, na tarehe 12 Septemba alifika hapa Bwana Clementi Kwangu, mtaalamu wa wadudu wa pamba kutoka kituo kimoja cha utafiti, aliyesikia habari za sanduku. Alilitazama kwa muda mrefu, akasoma vikaratasi, akauliza ni nani amewaona wote hawa, na marehemu akajibu, "Ni mimi." Getruda alikuwa amesimama pale pale na sinia la chai, akaliweka mezani taratibu, akamkaribisha mgeni sukari.

Mgeni akaomba aonyeshwe hata mmoja akiwa hai mahali anapokaa, kwa sababu, alieleza, sanduku ni sanduku tu, basi wakaenda Guta wote watatu. Marehemu alisimama mbele ya kichaka, akakizunguka mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, akaona majani, majani, majani, jasho likamtoka, na mgeni akatazama saa yake. Getruda alikuwa nyuma yao, na marehemu alijua, kwa namna alivyotulia, kwamba alikuwa amemwona zamani. Akapita kando yao kama mtu anayetafuta kivuli, ncha ya kanga yake ikagusa tawi, na jani moja likaruka, likatua hatua moja kutoka kiatu cha mumewe. Marehemu akanyoosha kidole, akasema yule pale, mgeni akampigia makofi. Kisha yule mgeni, ambaye hakuwa mjinga, akageuka na kumwuliza Mama kama na yeye huwa anawaona, na Getruda akasema, "Mimi naonaga majani tu."

Mtu akikunyang'anya kitu unaweza kumdai, amesema marehemu, lakini mtu akikupa kilicho chake, kimyakimya, mbele ya mgeni, na bado kikabaki chake, huyo utamdai nini? Waliporudi Manyamanyama na kufika mlangoni alimwambia kwamba kuanzia leo porini haendi tena, mke wa mwalimu hana kazi ya kuzurura vichakani na wanaume. Getruda akasema sawa, na hakwenda tena, na marehemu naye, kwa kukosa mtu wa mbele, hakumwona nondo mwingine mpaka kufa kwake. Mwaka uliofuata cheti kilikuja kutoka kituoni, chenye jina lake, akakitundika sebuleni, na mkewe akawa anakifuta vumbi kila Jumamosi.

Ili asikae bure, Getruda alianza kuuza dagaa wa Guta katika soko la Bunda, na kwa kuwa dagaa wake walikuwa safi, hawana hata kijiti, mnajua wenyewe jinsi watu walivyompangia foleni. Marehemu akawa na desturi, akitoka shule, ya kusimama kwa fundi baiskeli anayetazamana na meza ya mkewe, akihesabu wanaume waliocheka naye. Hakumkuta na kosa lolote, na kutomkuta na kosa kulimnyima usingizi.

Tarehe 11 Machi 1989, siku ya Jumamosi, Bwana Kwangu alikuwa amekuja Bunda kwa mambo ya pamba, akapita sokoni, akanunua dagaa, akamwuliza Mama neno, Mama akatabasamu. Marehemu alivuka barabara bila kutazama magari, akamwuliza mkewe mbele ya mgeni anaulizwa nini. Getruda akasema, anauliza kama nondo bado wapo. Marehemu akauliza, na wewe umemjibu nini, naye akamtazama usoni, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, akasema, "Nimemwambia amwulize mwenye nao."

Marehemu alishika ungo kwa mikono miwili, akaumwaga chini, na ungo wa pili, na sinia lililokuwa mezani, akawakanyaga dagaa kwa viatu vyake vya shule, soko zima linatazama, hata wale aliowafundisha kusoma. Kisha akaondoka akitembea polepole, kwa heshima, kama mtu aliyetoka kanisani. Alipogeuka kona alimwona mkewe amechuchumaa, anaokota dagaa mmoja mmoja kutoka mavumbini, anatenga wazima na waliopondeka, na macho yake, amesema marehemu, yalikuwa yale yale, hayakukosea hata mmoja. Bwana Kwangu hakurudi tena Bunda.

Jumatatu yake Getruda alifunga nguo zake, akaenda Makoko kwa Dorotea, ambaye alikwisha kuolewa huko, akakaa miaka miwili na miezi kadhaa. Marehemu alibaki na cheti na sanduku, na katika muda huo wadudu wadogo, wale wanaokula wadudu waliokauka, waliingia ndani ya sanduku, na yeye, mtaalamu, hakuwaona mpaka alipokuta unga chini ya miiba. Katika wale sitini na mmoja walibaki kumi na saba. Ndipo, amesema, alipokaa kwenye kiti akatambua kwamba hata kuwatunza hakuwa akiwatunza yeye.

Alikata vikaratasi kumi na saba vipya, akaandika kila kimoja, mwonaji, Getruda Nyangi, akakiteremsha cheti ukutani, na tarehe 28 Desemba 1991 akapanda basi kwenda Musoma na sanduku mapajani. Pale Makoko, mbele ya Dorotea na mumewe, Getruda alivisoma vikaratasi vyote, polepole, kwa kidole, kisha akasema, "Umeandika vizuri, Baba Dorotea. Haya ya nondo uliyafanya nyumbani, umeyatengeneza nyumbani. Lakini ya sokoni uliyafanya sokoni." Marehemu akaahidi kwamba atakwenda sokoni, atasimama pale pale, atasema. Getruda hakumngojea atimize ndipo arudi, alirudi Manyamanyama Jumapili ya tarehe 5 Januari 1992, akafagia uwanja, akaanza tena biashara, na jambo lile hakulitaja tena.

Marehemu hakulisahau. Mara nyingi mlimwona anakuja sokoni amevaa shati la misa, anasimama karibu na meza ya mkewe, midomo inacheza, kisha ananunua nyanya kwa mtu mwingine na kurudi nyumbani. Alifanya hivyo miaka mitatu. Amesema kwamba wivu alikwisha uacha, kilichobaki kilikuwa aibu, na aibu ilikuwa nzito zaidi, kwa sababu wivu ulimpa nguvu za kumwaga lakini aibu haikumpa nguvu za kuzungumza.

Tarehe 3 Februari mwaka huu, 1995, asubuhi, akifunga viatu ili aende sokoni, alianguka, upande wake wa kulia ukafa, na ulimi ukawa mzito. Alilazwa Musoma mwezi mzima, akarudishwa nyumbani mwezi wa tatu, ambapo alimwita mdogo wake na kuanza kusema haya mnayoyasikia. Getruda alimlisha, akamgeuza, akamwosha, na hali ilipobadilika mwezi wa nane ni yeye aliyeiona kabla ya wote, akatuma tuitwe, tukafika. Mwalimu Pastory Burito aliaga dunia Alhamisi, tarehe 17 Agosti 1995, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa katika mkono wa mkewe, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa, ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu watano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Musoma, waliompigania bila kuchoka, na muuguzi wa zahanati yetu aliyekuja na dawa hata siku za mvua. Tunawashukuru walimu wenzake waliotengeneza jeneza, majirani waliochimba kaburi tangu alfajiri, wanakwaya, na wakwe zetu wa Guta, ambao walikuwa na kila sababu ya kutokuja, wakaja wote na mitumbwi miwili ya samaki.

Na ninyi wa soko la Bunda, mwisho marehemu aliagiza msishukuriwe kwanza, bali mwombwe muwe mashahidi. Ameagiza msomaji asimame mbele yenu, ageukie upande wa mkewe, aseme hivi, kwa jina lake: Getruda Nyangi, siku ile mbele ya watu hawa nilimwaga riziki yako nikaikanyaga, wewe hukuwa na kosa, nilikosa mimi.

Jana, historia hii ilisomwa kwa mjane, kama ilivyo haki yake, naye akaomba mambo mawili. Marehemu alikuwa ameandikisha kwamba alimwonea wivu Bwana Kwangu, mjane akasema paondolewe, "Mwalimu hakumwonea wivu yule bwana hata siku moja. Alikuwa ananionea mimi," nasi tumepaondoa. Na pale marehemu alipoandikisha kwamba mke wake amekwisha kumsamehe, mjane amesema napo pasisomwe, kwa maana jambo lenyewe lilikuwa halijasemwa sokoni wala mbele ya watu wa sokoni, na yeye si mtu wa kujibu asichoulizwa. "Lisomeni kesho," amesema, "mniache nilisikie kwanza."

Sasa limesomwa, Mama Dorotea, na hakuna anayekuharakisha.

Nawe kaka, Mwalimu wetu, ulichoshindwa kukisema kimesemwa, weka mzigo chini, upumzike kwa amani.